Filimbi Zenye Muhuri Wangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, goti limepoa, na shemeji ameacha kubishana na redio. Sisi huku tunapumua. Wifi yako ni mzima wa mwili na anakusalimu, ingawa salamu zake kwangu mimi siku hizi ni za kubana. Barua zako zote tatu nimezipata. Ya kwanza niliisoma nikaiweka. Ya pili niliiweka bila kuisoma. Ya tatu, ile uliyoandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa kwamba kama nimekufa niseme, ilinichekesha, nami nikajionea haya kwa kucheka. Sikuwa mgonjwa, wala kalamu haikukauka. Nilikuwa nimekukasirikia. Bado nimekukasirikia, lakini nimechoka kufanya hivyo kimya kimya, tena kuna jambo langu mwenyewe ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu. Kwa hiyo kaa vizuri, agiza chai, maana karatasi ni nyingi.

Wewe kazi yangu hujawahi kuielewa sawasawa. Ukiulizwa mdogo wako anafanya nini unasema anatengeneza midoli. Sikulaumu, lakini leo nivumilie nikueleze kidogo, maana bila hivyo hutajua nimeumizwa wapi. Karakana ya reli ilipofungwa, mimi na rafiki yangu Springi tulitoka na masanduku yetu ya spana na hatukujua pa kuyapeleka. Unamkumbuka Springi: yule mwembamba asiyeweza kukaa kitako kwa dakika mbili, aliyekuja kwako mara moja akarekebisha bawaba za milango yote bila kuombwa. Tukakodi kile chumba nyuma ya duka la rangi, tukanunua mashine ya kukerezea iliyokuwa imeshikwa na kutu, tukaanza kuwatengenezea vifaa watu wanaojiundia treni ndogo za mvuke. Si midoli, dada. Kichwa cha treni kinakufika magotini, kina boila ya kweli na moto wa kweli, na kinavuta watu wazima wanane waliokaa kwenye mabehewa ya benchi.

Tuligawana kazi tangu siku ya kwanza. Yeye vali, mimi filimbi. Vali zake ni gololi ndogo ya chuma iliyokaa juu ya tundu. Anaigonga kwa nyundo mara moja tu ili tundu lichukue umbo la gololi, na hapo mvuke hauna pa kupenya. Mara moja. Mkono ukimtetemeka akagonga mara ya pili, anaitupa yote na kuanza upya. Mimi nilikuwa na shida yangu. Filimbi ya treni kubwa ni nzito, inakuingia kifuani. Ukiipunguza tu ukubwa, inalia kama kuku aliyekanyagwa. Kwa hiyo nikajifunza kutengeneza bomba refu la shaba, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole, nikalilaza chini ya tangi pasipoonekana. Ndani yake kuna kisahani kinachoacha mwanya mwembamba kama karatasi. Mvuke unapita hapo, unapiga ukingo wa dirisha dogo nililolikata kwa tupa ubavuni mwa bomba, na sauti inazaliwa. Ukizidisha tupa kwa unene wa unywele, sauti imekufa. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuzitafuta. Kila moja niliipiga muhuri wangu kitakoni, kinyota chenye ncha sita, nilichokichonga mwenyewe.

Miezi minne iliyopita, Daktari wa Meno alituletea kichwa chake cha treni. Huyu ni mteja wetu wa zamani, mtu mpole mwenye vidole virefu, aliyejenga treni hiyo kwa miaka minane sebuleni kwake hadi mkewe akahamishia makochi barazani. Alikuwa anajiandaa kwa maonyesho ya chama chao, akataka Springi amfungie vali mpya ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, na mimi niisafishe filimbi aliyoinunua kwetu miaka miwili nyuma. Nikaifungua, nikaishika mkononi, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga.

Dada, wewe ndiye uliyenifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nilipoanza shule ili niandike kwa wa kulia, na ndiye uliyekikata kitambaa hicho kwa mkasi mwalimu alipokucheka. Mimi ni mashoto hadi leo. Tupa yangu inaacha mikwaruzo inayolala upande mmoja, na naijua kama ninavyoujua mwandiko wangu. Mikwaruzo ya dirisha la filimbi ile ililala upande mwingine. Nikageuza kitako: kinyota changu kipo. Nikaigeuza tena. Bomba si langu, kisahani si changu, muhuri ni wangu.

Nilijihisi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mwingine amevaa nguo zake na amekaa mezani anakula. Nilimpigia simu mwalimu mmoja mstaafu na fundi mmoja wa saa, wote wana filimbi zangu, nikawadanganya kwamba nataka kubadilisha nati zilizokuwa na kasoro. Wakaniletea. Zote mbili zilikuwa na muhuri wangu, na zote mbili zilikatwa na mtu wa mkono wa kulia. Kwenye chumba kile tulikuwa wawili tu.

Basi nikajijazia mwenyewe yaliyobaki. Nikaona kwamba Springi anatengeneza filimbi zake kwa siri na kuziuza kwa jina langu. Za kwangu za kweli sikujua anazipeleka wapi. Nilikumbuka kila mara aliponiambia niende nyumbani, yeye atabaki kufungasha. Nilikumbuka alivyokuwa anaharakisha kufunika boksi nilipoingia. Miaka thelathini na moja tumekula sahani moja. Alibeba jeneza la baba akiwa mbele, mimi nyuma. Nikawa namtazama mgongo akifanya kazi, anapiga mluzi wake wa siku zote, nami damu inanichemka. Wifi yako akaniuliza mbona chakula kinarudi jikoni. Nikamwambia ni tumbo.

Siku ya maonyesho ilikuwa na jua zuri. Chama chao kina bustani kubwa yenye reli nyembamba inayozunguka miti, inapita darajani, kisha inapanda kilima kidogo. Watu walikuwa wengi. Daktari wa Meno alivaa kofia ya dereva na suruali ya kazi iliyopigwa pasi, akawapakia wageni wanane, akavuta waya wa filimbi. Watu wakapiga makofi. Safari ilianza vizuri. Walipofika katikati ya kilima, vali ya usalama ikafunguka kabla ya wakati wake ikaanza kumwaga mvuke wote hewani. Presha ikashuka, treni ikasimama. Wageni wakalazimika kushuka na kusukuma, watu wanacheka, mmoja anauliza kama punda asingefaa zaidi. Daktari, kwa kuchanganyikiwa, akapeleka mkono kukaza ile vali ambayo bado inapuliza. Mkono wa kulia. Ule wa kazi yake.

Ngozi ya kifundo cha mkono ilitoka, dada. Niliiona. Hii ni wiki ya tano hajashika jino la mtu. Na Springi alisimama pale kando ya reli mikono imemning'inia, akiangalia vali yake kama mtu anayeangalia mtoto wake aliyekamatwa kwa wizi. Viongozi wa chama walimwambia kwa adabu kwamba hawatatumia vali zake tena mpaka watakapojiridhisha. Alijibu kwamba wana haki.

Wiki moja baadaye nikazipanga zile filimbi mbili, ya mwalimu na ya fundi wa saa, juu ya meza, mbele yake, nikamwambia aniambie ni za nani. Nilitegemea akane. Hakukana. Alivuta kigoda, akakaa, na Springi akikaa ujue mambo yamefika pabaya. Akasema ni za kwake, yeye ndiye aliyezikata. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni mwaka wa tatu sasa. Nikamuuliza anazipeleka wapi za kwangu. Akainuka, akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza ya mashine, akalifungua. Zilikuwa humo, dada. Mabomba yangu, yamefungwa magazeti moja moja, yote hayana vitako. Alikuwa anavitoa vitako vyenye muhuri na kuvilehemu kwenye mabomba aliyoyatengeneza yeye.

Nikamwita mwizi. Akanitazama, akaniambia polepole, "Husikii, kaka. Umeacha kusikia sauti za juu."

Nilicheka. Nikamwambia mbona namsikia yeye. Akasema yeye sauti yake ni nzito. Akanieleza kwamba filimbi zangu zilianza kubadilika kidogo kidogo. Chini kulikuwa na ile sauti nene ninayoijua, lakini juu yake palikuwa na mlio mkali wa kutoboa, na mimi nilikuwa nauzidisha kwa kupanua dirisha, kwa sababu nilikuwa natafuta kwa tupa kitu ambacho masikio yangu hayapokei tena. Sikumwamini. Akaenda kumwita wifi yako. Akamkalisha ametupa kisogo, akapuliza filimbi yake kwa pampu ya hewa, kisha akachukua moja ya kwangu kutoka kwenye sanduku. Kwangu mimi zilikuwa sauti mbili zinazofanana, kama mapacha. Lakini ile ya pili ilipolia, wifi yako aliziba masikio yote mawili kwa viganja, mabega yakampanda.

Nilimzunguka nikamwangalia usoni. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshangaa, dada. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Alijua. Nikamuuliza nani mwingine anajua, akaanza kulia, na katika kulia huko akalitoa jina lako. Akaenda nyumbani akaleta barua yako ya miaka mitatu iliyopita, mwandiko wako mwenyewe, unasema, "Msimwambie. Karakana ilipofungwa alilala miezi miwili amegeukia ukutani. Mkimnyang'anya na filimbi hatainuka."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Ninyi watatu mlikaa mkanijadili. Mlinipangia nijue nini na nisijue nini, kama mgonjwa anayefichiwa sindano. Kila mteja aliyenishika mkono kunishukuru, Springi alikuwa pembeni anainamisha kichwa, na mimi nilidhani ni unyenyekevu. Kila nilipokuandikia kwamba filimbi ya mwezi huu ndiyo bora niliyowahi kuikata, ulinijibu hongera. Ulijua ilikuwa kwenye sanduku, imefungwa gazeti. Kuibiwa ningezoea. Mwizi unamchukia, maisha yanaendelea. Lakini nyinyi mlinibakizia kazi iliyokufa nikawa naifanyia usafi kila asubuhi, naivalia aproni. Na wewe kati ya wote. Wewe ndiye uliyeniambia mama amefariki wakati watu wazima wote walikuwa wanasema amesafiri. Nilikuwa na miaka saba. Ulinishika mabega ukaniambia. Tangu siku ile nilijua kwamba duniani kuna mtu mmoja ambaye hatanificha kitu.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinivalisha vile vidubwasha vya masikioni, akaniambia niinue kidole kila nitakaposikia. Nilikaa muda mrefu kidole kimelala, nikijua kabisa kwamba sauti zinapita. Ni kelele za karakana ya reli, alisema, za ujanani. Hazirudi.

Sasa nakuja kwenye langu. Nimelizungukia kurasa zote hizi, na mpaka hapa umeniona mimi ndiye niliyeonewa. Nimeonewa kweli, sitalifuta hilo. Lakini ile vali ya usalama haikuharibika yenyewe.

Asubuhi ya maonyesho, Springi alipokwenda kuchota maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya boila, nilibaki na treni peke yangu. Vali zake zote huwa anazifunga nati inayopanga presha ya kufungukia, kisha anatia tone la rangi nyekundu ili ajue kama kuna mtu ameigusa. Nilikwangua rangi, nikalegeza nati mzunguko mmoja na nusu, nikatia tone jipya kutoka kwenye kopo lake mwenyewe. Haikuchukua hata dakika mbili. Kulegeza hakupasui boila, nililijua hilo. Kukaza ndiko kunakoua. Sikutaka kumuumiza mtu. Nilitaka asimame mbele za watu, kazi yenye jina lake imemwangusha, asijue ni kwa nini. Nilitaka hicho tu, na nilikipata, na mkono wa mtu asiyehusika ukababuka.

Nilijua haya yote nilipokuwa namwita mwizi. Nilijua alipokuwa ananifungulia sanduku. Na baada ya hapo nilikaa nalo siku kumi na saba, navimba kwa hasira juu yenu, kwa sababu hasira ilikuwa inanisaidia nisiliangalie.

Nilianza kwa Daktari wa Meno. Nilimkuta kliniki kwake, bendeji bado mkononi, nikamweleza bila kupunguza. Alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama nilijua kwamba angepeleka mkono pale. Nikasema hapana. Akasema ananiamini, kisha akasema filimbi ataibakiza kwa sababu anaipenda, ila angeomba nisiikaribie tena treni yake. Akaniaga kwa heshima. Afadhali angenitukana. Pia niliwaandikia viongozi wa chama, nikaweka sahihi, ili vali za Springi zikubaliwe tena.

Kisha nikaenda karakana yetu. Springi alikuwa anafagia, kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo. Nilimwambia nikiwa mlangoni, maana niliogopa nikiingia nitageuza maneno. Hakusimamisha fagio. Alipofika kona ya mwisho ndipo akasema, "Rangi ilikuwa bado mbichi."

Alijua tangu siku ile ile. Treni iliposimama kilimani, alikwenda akagusa nati, rangi ikamshika kidoleni. Yeye alikuwa ameitia siku mbili kabla. Akaifuta kwenye suruali, akarudi pale kando ya reli akasimama, akawaambia viongozi wana haki. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba aliona nina yangu ya kutosha.

Dada, hapo ndipo nilipovunjika. Alikuwa amenisamehe kwa siri, kama alivyokuwa akinisahihisha kwa siri, na mimi nikawa tena yule mtu wa kufichwa. Nikampigia kelele. Mimi, mwenye kosa, nikampigia kelele yeye! Nikamwambia anipige, anishitaki, afanye lolote, lakini asinihurumie tena nyuma ya mgongo wangu. Akatupa fagio. Miaka thelathini na moja sijawahi kumsikia akinyanyua sauti, na siku hiyo alinitukana hadi muuza rangi akachungulia. Aliniambia mimi ni mwoga na mwenye majivuno, kwamba kwa miaka mitatu amefanya kazi ya watu wawili ili nisishuke kwenye kigoda changu, na kwamba nilipokuta mikwaruzo isiyo yangu sikuona hata haja ya kumuuliza swali moja. Alisema hilo ndilo linalomuuma, si kilima wala viongozi. Kila neno nililisikia. Kisha akachukua rula zake mbili za kupimia akaondoka. Leo ni siku ya tisa. Aproni yake bado imetundikwa.

Mimi naendelea kwenda. Nimeondoa muhuri kwenye meza, nimeuweka juu ya kopo lake la rangi ili akirudi aukute na aamue mwenyewe ni wa nani. Nakata filimbi bila nyota. Wifi yako amekubali kuwa masikio yangu: anakaa kwenye kigoda, napuliza, anasema. Juzi alisema mbaya mara kumi na moja mfululizo, na nilimshukuru kwa kila moja. Jana alisema hii ndiyo. Akasema ni nzito, safi, haina ukali wowote. Nikaisogeza meza, nikapiga magoti mbele yake nikamwangalia machoni muda mrefu, nikitafuta. Akarudia, ni nzuri, wallahi ni nzuri. Sikuweza kujua, dada. Hicho ndicho mlichoninyang'anya. Mke wangu aliniambia neno jema nami sikuweza kujua.

Sasa usinijibu kwamba mlifanya kwa upendo. Najua. Nijibu kitu kingine chochote, hata kama ni kunigombeza kwa ajili ya Springi na mkono wa yule daktari, maana hapo nitajua unanisema kweli. Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Goti ulikande kwa maji ya moto, si ya vuguvugu. Na kama wakati mama anafariki uliniambia nusu tu, nusu nyingine niandikie, niko tayari.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, bado nimekasirika, bado ni wako.